Mambo ya Nyumbani: Juu ya Kununua Wiki ya Zamu

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya biashara ambayo kwa wengi wetu ni ngeni, lakini kwa ndugu zetu wakaao Marekani na Ulaya ni jambo la kila likizo. Nao ndugu hao, wakiisha kukutana nayo, huuliza nyumbani, "Mwaonaje?" Mara nyingi huuliza wakiwa wamekwisha kutia sahihi. Basi yafaa sisi tuulizwao tujue tuulizwacho.

Biashara yenyewe ni hii. Kuna nyumba nzuri za wageni karibu na bahari, au milimani, au karibu na viwanja vya michezo ya watoto. Mwenye nyumba hizo hauzi nyumba nzima kwa mtu mmoja, wala hapangishi chumba kwa siku kama afanyavyo mwenye hoteli. Yeye huuza wiki. Mwaka una wiki 52; akiacha mbili za kutengeneza yaliyoharibika, chumba kimoja chaweza kuuzwa kwa watu 50, kila mmoja na zamu yake. Wenyewe huiita taimusheya. Sisi tutaiita wiki ya zamu, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Siku hizi kampuni nyingi haziuzi tena wiki yenye tarehe yake, bali huuza pointi, ambazo mnunuzi huzitumia kila mwaka kupata siku za kukaa hapa au pale. Jina limebadilika, shauri ni lile lile: mtu hutoa fedha nyingi leo ili apate haki ya kupumzika kwa miaka mingi ijayo.

Jambo hili lilianza Ulaya. Mwaka 1963 iliundwa huko Uswisi kampuni iitwayo Hapimag, ambayo watu walinunua hisa zake wapate kukaa katika nyumba zake; na mwaka 1967 huko Superdévoluy, katika milima ya Ufaransa, watu walianza kuuziwa majuma ya kukaa mahali pa kuteleza juu ya theluji. Kisha likavuka bahari. Mwaka 1974 huko Indianapolis, Marekani, ilianzishwa kampuni iitwayo RCI, kazi yake kuwawezesha wenye wiki kubadilishana: mwenye wiki ya baharini aende milimani, na wa milimani ashuke baharini. Hata kampuni zenye majina makubwa zimeingia humo, Marriott mwaka 1984 na Disney mwaka 1991. Twataja haya ili msomaji asidhani kwamba biashara yenyewe ni wizi. Si wizi. Ni biashara halali yenye sheria zake, na wako watu waliozifurahia wiki zao miaka mingi. Neno letu ni juu ya namna zinunuliwavyo, yaani kwa saa mbili, juu ya kikombe cha kahawa, na watu waliotoka kwao bila nia ya kununua kitu chochote ila kofia za watoto.

Tuchukue nyumba moja kwa mfano. Baba ni dereva wa lori huko Texas, mama ni msaidizi wa wauguzi, nao wana watoto watatu. Wameweka akiba mwaka mzima, wamekwenda Orlando, katika jimbo la Florida, ili watoto waone yale ambayo wenzao shuleni wamekwisha kuyaona. Katika ukumbi wa hoteli mtu mwenye adabu awasalimu na kuwaambia kwamba ziko tiketi za michezo kwa bei ndogo sana, au za bure, ikiwa tu kesho asubuhi watakubali kunywa chai na kusikiliza maneno kwa dakika 90. Sharti ni moja: mume na mke waje wote wawili.

Msomaji, usilipite sharti hilo upesi. Watu wa nyumba hudhani ni heshima kwao. Kumbe muuzaji amekwisha kuziba mlango ambao watu wenye busara hutokea. Mtu akiulizwa kununua kitu kikubwa husema, "Nitakwenda kushauriana na mwenzangu." Na hapa mwenzako ameketi kando yako. Utakwenda kushauriana na nani?

Chai huandaliwa, mezani wameketi watatu. Muuzaji hasemi kwanza habari za nyumba. Auliza habari zenu. Watoto wana umri gani? Mara ya mwisho mlipumzika lini? Je, baba yako alipata kukupeleka mahali kama hapa ulipokuwa mtoto? Ni maswali ya upole, na kila jibu analiandika. Kisha achukua kalamu na kuhesabu mbele yenu: kila mwaka mwalipa hoteli dola 2,000, kwa miaka 30 ni dola 60,000, na mwisho wa miaka hiyo mna nini mkononi? Hamna kitu. Baada ya hapo huwapeleka kuona nyumba yenyewe, yenye vyumba viwili na jiko na kitanda ambacho mtoto mdogo hurukia mara moja. Ndipo mrudipo mezani na bei ikatajwa.

Tuseme ni dola 30,000. Mwasema haiwezekani. Muuzaji hakasiriki, aenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa aja, atazama karatasi, akuna kichwa, na kusema kwamba kuna wiki moja iliyorudishwa jana na watu fulani, aweza kuwapa kwa dola 20,000, lakini kwa leo tu. Mkitoka mlangoni bei hiyo imekwisha.

Sisi tuliokwenda sokoni tangu utoto twajua kupatana bei. Mwenye maembe akishusha kutoka shilingi elfu tatu hadi elfu mbili, twatambua kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kumpima mnunuzi. Wala hatumlaumu. Lakini sokoni waweza kuondoka, ukazunguka, ukarudi, na maembe yapo. Huyu wa wiki za zamu hakukatazi kuondoka kwa sababu wiki zitakwisha. Wiki anazo tele, na kesho asubuhi meza ile ile itaketiwa na nyumba nyingine. Akukataza kwa kuwa ajua kwamba watu wakiisha kutoka mlangoni, wakala, wakalala, wakahesabu wenyewe, wengi hawarudi. Maneno "leo tu" hayasemi habari yoyote ya nyumba ile. Yasema habari ya muuzaji.

Kuna na jambo la haya, nalo kwa watu wa kwetu ni zito kuliko hesabu. Tumelelewa kwamba aliyekulisha umemwia. Kula mkate wa mtu, kupokea zawadi yake, kumwacha aketi nawe saa tatu (kwa maana zile dakika 90 huongezeka), kisha kuondoka mikono mitupu, twaona ni utovu wa adabu. Muuzaji ajua hivyo, hata kama hajapata kufika kwetu. Lakini chai ile si ukarimu. Ni gharama ya biashara, imeandikwa katika daftari la kampuni pamoja na mishahara na umeme. Na tiketi zile mmekwisha kuzilipia kwa kuketi pale na kusikiliza. Hakuna deni.

Haya iliyo kubwa zaidi ni ile iliyo kati ya mume na mke. Mume aogopa kusema mbele ya mkewe, "Fedha hatuna," maana atakuwa amejitangaza maskini mbele ya mgeni. Mke aogopa kumpinga mumewe, asije akamvunjia heshima. Mume akimtazama mkewe na kusema, "Mama watoto, waonaje?" naye amwona amevutwa na jiko lile, huona vigumu kukataa. Mke naye amwona mumewe amenyamaza, adhani amekubali. Basi kila mmoja asema ndiyo kwa ajili ya mwenzake, na nyumba hununua kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekitaka. Njiani kurudi hotelini hakuna asemaye neno.

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa wao wana Kiswahili, na muuzaji hana, waweza kushauriana pale pale mezani. Muuzaji hajui Kiswahili, lakini ajua kusoma uso. Ni heri kuondoka mezani, kwenda nje hata kwenye maegesho ya magari, na kusema huko. Na iliyo bora ni kupatana usiku uliotangulia kwamba kesho hatutii sahihi karatasi yoyote, iwe nzuri namna gani, na kwamba fulani ndiye atakayesema hapana. Hapo mmoja hawi adui wa furaha ya mwenzake. Atimiza tu shauri la wawili.

Sasa tuhesabu, maana muuzaji amehesabu upande wake tu. Huko Marekani wiki moja ya zamu mpya huuzwa, kwa wastani, kwa zaidi ya dola 20,000, na ada ya matunzo, ambayo kila mwenye wiki hulipa kila mwaka ajapokwenda asipokwenda, kwa wastani imepita dola 1,000. Nyumba yetu ya mfano haina dola 20,000, nao muuzaji awaambia wasihangaike, kampuni itawakopesha. Mikopo ya namna hii huwa na riba kubwa. Tuseme ni 15 kwa 100 kwa mwaka, kwa miaka 10. Malipo ya kila mwezi ni karibu dola 323, na mwisho wa miaka 10 watakuwa wamelipa karibu dola 38,700 kwa kitu cha dola 20,000. Ongezeni ada ya matunzo, dola 1,000 mara 10, tukijifanya kwamba haitapanda, ingawa hupanda. Jumla ni dola 48,700. Gawanyeni kwa majuma 10 waliyokaa: kila juma limewagharimu dola 4,870. Nao walikuwa wakilipa hoteli dola 2,000 na kuambiwa kwamba wanapoteza fedha! Ndiyo maana wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Atakayesema, "Mimi nitalipa taslimu," naye ahesabu. Dola 20,000 pamoja na ada ya miaka 20 ni dola 40,000, yaani dola 2,000 kwa kila wiki, sawasawa na hoteli yake. Ni kweli hoteli nazo hupanda bei. Lakini ili hesabu hiyo isimame lazima aende kila mwaka, miaka 20, asikose hata mmoja. Mwaka wa msiba asikose. Mwaka wa kujifungua asikose. Mwaka ambao kazi imepotea asikose.

Na nyumba za ndugu zetu wa ugenini zina jambo moja ambalo karatasi ya muuzaji haina mahali pa kuliandika. Siku za likizo wapewazo ni chache, nao huziweka pamoja ili kila baada ya miaka miwili au mitatu waje kuwaona wazee Moshi, au Kisii, au Bukavu. Mwaka huo Orlando hawaendi, na ada hulipwa. Atawaambia kwamba wiki yaweza kubadilishwa na kutumiwa nchi nyingine, nalo ni neno la kweli; lakini kubadilisha nako kuna ada yake, na wiki ya zamu hailipi nauli ya ndege. Watu watano kutoka Texas hadi Kilimanjaro si mchezo. Zile dola 323 za kila mwezi ndizo nauli yenyewe. Au ndizo karo ya mdogo wake, au dawa za mama. Katika nyumba nyingi fedha hizo zimekwisha kuwa na mwenyewe kabla mshahara haujaingia, ila mwenyewe huyo hakualikwa kwenye chai ya asubuhi.

Wako ambao biashara hii huwafaa, nasi hatutaki kuwaonea. Ni watu wasio na deni, wapendao mahali pamoja, warudio hapo kila mwaka bila kuchoka, tena wenye kazi ambayo tarehe zake hazigeuki. Hao lakini na wajue jambo ambalo mezani halitajwi: wiki ile ile, katika nyumba ile ile, mara nyingi hupatikana kwa mwenyewe aliyechoka nayo kwa sehemu ndogo sana ya bei ya muuzaji. Wako wanaoziuza kwa dola 1, wapate tu kuokoka na ada. Kampuni nyingine huwanyima wanunuzi wa mkono wa pili baadhi ya haki, kwa hiyo yapasa kuuliza. Hata hivyo, kitu kipatikanacho kwa dola 1 hapo ng'ambo ya barabara hakiwezi kuwa kinakwisha leo.

Hao waliochoka ndio wenye habari ya kusikitisha zaidi. Mikataba mingi ya zamani haikuwa na mwisho. Mtu aliyenunua akiwa na miaka 40 hujikuta ana miaka 75, magoti hayamruhusu kusafiri, na ada yaja. Akifa, watoto waweza kuukataa urithi huo kwa njia ya sheria, lakini ni lazima wajue mapema kwamba upo. Huko Hispania sheria ya mwaka 1998 iliweka kikomo cha miaka 50, na mwezi wa Januari 2015 mahakama kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mikataba iliyofanywa baada ya sheria hiyo bila kutaja mwisho ni batili.

Na palipo na mtu aliyechoka, mwizi hayuko mbali. Simu hulia: "Tumempata mnunuzi wa wiki yako, atoa bei nzuri, tuma kwanza fedha za kodi na hati." Fedha zikiisha kutumwa, mnunuzi hayuko. Serikali ya Marekani ilitangaza mwaka 2024 kwamba kati ya mwaka 2019 na 2023 watu wake wapatao 6,000 walitoa taarifa ya kupoteza karibu dola milioni 300 kwa udanganyifu wa namna hii kuhusu nyumba za Mexico, na kwamba magenge ya madawa ya kulevya ya huko yamo katika kazi hiyo. Adaiye fedha kwanza ili akuuzie wiki yako, usimsikilize.

Limebaki neno kwa nyumba ambayo imekwisha kutia sahihi, pengine juma hili hili, nayo haipati usingizi. Msigombane, kwa maana siku zenu zinahesabiwa. Sheria za nchi nyingi, zikijua jinsi biashara hii inunuliwavyo, zimempa mnunuzi siku za kughairi bila kueleza sababu. Florida ni siku 10, pamoja na Jumamosi na Jumapili, tangu kutia sahihi au tangu kupokea karatasi ya mwisho iliyolazimu, ile iliyo ya baadaye. Wala mnunuzi hawezi kuombwa aiachilie haki hiyo. California na Hawaii ni siku 7, Nevada ni siku 5. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, ni siku 14, na kabla hazijaisha muuzaji amekatazwa kupokea hata senti. Kenya nayo, katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, imetaja mikataba hii kwa jina na kumpa mnunuzi siku 10 tangu apokee nakala yake.

Tafuteni ukurasa wa kughairi ndani ya karatasi zile; mara nyingi uko karibu na mahali pa sahihi. Humo mtakuta siku mlizopewa, anwani ya kupeleka barua, na namna ya kuipeleka. Barua ni fupi: majina ya wote waliotia sahihi, namba ya mkataba, jina la nyumba, tarehe ya kununua, na sentensi moja, "Tunaughairi mkataba huu, twaomba turudishiwe fedha zetu zote." Msiandike sababu, sababu hujibiwa. Wote wawili mtie sahihi. Wekeni nakala, pelekeni barua kwa rejista, na risiti ya posta yenye muhuri wa tarehe muifunge pamoja na nakala. Kupiga simu hakutoshi, hata kama aliye upande wa pili asema kwa upole kwamba amekwisha kuifuta. Florida siku ihesabiwayo ni ile ya muhuri wa posta, si ile ambayo kampuni iliipokea barua. Kwa hiyo hata siku ya kumi asubuhi posta ingali wazi.